Mtoto Akiacha Ziwa, Mwili wa Mama Huamka

UKURASA WA AFYA YA MAMA



Mwezi huu nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tunalinong'ona jikoni tukichambua mchele, lakini mbele za watu tunaona haya. Ni habari ya mama anayenyonyesha kushika mimba nyingine kabla hata hajaona siku zake. Wengine husema haiwezekani. Wengine husema ni aibu. Wengine humpa jina baya mama wa watu na kumwacha alie peke yake.

Siku moja ya kliniki tulikwenda Hospitali ya Tumbi, pale Kibaha, akina mama watano wa kikundi chetu, kumtazama mwenzetu aliyejifungua kwa upasuaji. Wakati wa kutoka tulipita kwenye benchi la kliniki ya watoto. Alikuwa ameketi mama kijana, mtoto wa miezi kumi na moja mapajani, kadi ya kliniki mkononi. Mstari wa uzito kwenye kadi ile ulikuwa umepanda vizuri miezi yote, kisha mwezi mmoja umeporomoka. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti.

"Shikamoo mama," alinisalimu, akajipangusa kwa ncha ya khanga.

"Marahaba mwanangu. Mtoto anaumwa?"

Alinyamaza kidogo, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Mama, wanasema nimembemenda mwanangu. Hivi kweli mimi ndiye ninayemwua?"

Alinieleza. Mtoto alipotimiza miezi sita alirudi kwenye biashara yake ya maandazi huko Maili Moja. Alitoka alfajiri, akarudi jioni. Mtoto alibaki na binti wa kazi na uji, akawa ananyonya usiku na asubuhi tu. Hakuwa ameona damu tangu ajifungue, hivyo hakuwa na wasiwasi. Aliambiwa maziwa hufunga kizazi. Mtoto alipofika miezi kumi, akajigundua ana mimba ya miezi miwili. Mama mkwe akamwamuru amwachishe mtoto ziwa siku ile ile, kwa kuwa maziwa sasa "yamechafuka". Mtoto akaanza kuharisha na kukonda. Mumewe akahamia kwa kaka yake. Na yeye mwenyewe, alinong'ona, alikuwa ameanza kuulizia mtu wa kumtoa mimba ile.

Ndugu zangu, binti huyu hakukosa upendo, alikosa maelezo. Mimba ile, hofu ile na nyumba ile iliyotaka kuvunjika vilitokana na mambo machache ambayo yeyote wetu anaweza kuyaelewa. Hebu tuyaangalie moja moja.

MAZIWA HUFUNGAJE KIZAZI?

Si uongo kwamba kunyonyesha huchelewesha mimba. Ndivyo Mungu alivyomuumba mwanamke, ili mtoto mmoja apate nafasi ya kukua kabla mwenzake hajaja. Lakini kinachofunga si maziwa yenyewe. Ni kule kunyonya.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Kwa mwanamke asiyenyonyesha, sehemu hii hutoa kichocheo, yaani homoni, kwa mapigo, kama mtu apigaye ngoma kwa mwendo maalumu, karibu kila saa moja au mbili. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari, huisikia ngoma hiyo, nayo hutuma vichocheo vyake kwenye vifuko vya mayai. Yai hukua na kupevuka, na mama huweza kushika mimba.

Mtoto anaponyonya, mishipa ya fahamu kwenye chuchu hupeleka habari ubongoni. Pituitari hutoa prolaktini, kichocheo kinachotengeneza maziwa, na pia hutolewa oksitosini, inayoyasukuma yatoke. Wakati huo huo ile ngoma huharibika mwendo: mara inapigwa kwa mbali, mara inanyamaza kabisa. Vifuko vya mayai havisikii wito, basi yai halipevuki. Zamani wataalamu walidhani kazi yote hiyo hufanywa na prolaktini peke yake. Sasa inafahamika kwamba jambo kubwa ni kunyonya kwenyewe: ni mara ngapi kwa siku, kwa muda gani, na kama usiku pia mtoto ananyonya.

Sasa mtoto anapopunguza kunyonya, kwa sababu amepewa uji, au mama yuko kazini, au analala usiku kucha, ngoma huanza kurudi taratibu. Mapigo yanakaribiana. Yai la kwanza huanza kukua. Siku moja linapevuka, na mama hana habari.

TUJIFUNZE KWA PANYA

Mtacheka, lakini mengi ya haya wataalamu waliyafahamu kwa kumchunguza panya, ambaye sisi tunamfukuza ghalani kwa ufagio. Panya wa maabara hubeba mimba kwa siku 21 hadi 23, na watoto wake hunyonya kwa majuma kama matatu. Huwa na nafasi ya kushika mimba ndani ya siku moja tu baada ya kuzaa. Baada ya hapo, watoto wanapoendelea kunyonya, mayai hutulia. Wataalamu walipoongeza watoto kwenye kiota, vichocheo vya uzazi vilizidi kushuka, walipowapunguza, vilipanda. Walipowaondoa wote, katika siku chache tu panya yule alirudia mzunguko wake wa siku nne au tano.

La kushangaza zaidi ni hili: panya akishika mimba angali ananyonyesha watoto wengi, vile vijusi vichanga huweza kungoja ndani ya mfuko wa uzazi kwa siku kadhaa bila kujishikiza, mpaka kunyonya kupungue. Mwili wake unajua kwamba mzigo ni mmoja kwa wakati mmoja.

Sisi binadamu hatuna chumba hicho cha kungojea. Mimba ikitunga, imetunga. Ndiyo maana Mungu ametupa akili ya kupanga, mahali ambapo panya amepewa maumbile tu.

Tena tutazame wenzetu wa jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika. Mwaka 1980 wataalamu wawili wa Marekani, Melvin Konner na Carol Worthman, walitoa taarifa ya akina mama wa kabila la Wakung, waliokuwa wakibeba watoto wao kutwa nzima na kuwanyonyesha mara kadhaa kila saa, dakika chache chache. Akina mama hao hawakutumia vidonge wala sindano, lakini watoto wao walipishana karibu miaka minne. Bibi zetu nao walikwenda shamba mtoto yuko mgongoni. Mjukuu wao anapanda daladala ya alfajiri na mtoto amebaki nyumbani. Mwili ni ule ule. Kunyonya ndiko kulikopungua.

MASHARTI MATATU

Mwezi wa Agosti mwaka 1988 wataalamu walikutana katika mji wa Bellagio, Italia, wakaweka pamoja matokeo ya uchunguzi kutoka nchi mbalimbali. Walikubaliana kwamba kunyonyesha humkinga mama asishike mimba, kiasi kwamba katika akina mama 100 chini ya wawili watashika, lakini kwa masharti matatu. Walikutana tena mwaka 1995 wakathibitisha. Masharti yenyewe ni haya:

La kwanza, mtoto awe hajatimiza miezi sita.

La pili, mama awe hajaona damu ya mwezi tangu ajifungue. Damu inayotoka katika siku 56 za kwanza haihesabiwi.

La tatu, mtoto anyonye maziwa ya mama tu, au karibu hayo tu, mchana na usiku, kila anapotaka. Asikae zaidi ya saa nne mchana wala zaidi ya saa sita usiku bila kunyonya.

Yote matatu lazima yawepo pamoja. Likivunjika moja tu, ulinzi umevunjika, na siku hiyo hiyo mama anahitaji njia nyingine. Yule binti wa Maili Moja alikuwa amekwisha kuvunja mawili: mtoto alipita miezi sita, na alikuwa ananyonya usiku na asubuhi tu. Lile moja lililobaki, la kutokuona damu, ndilo alilolitegemea. Nalo lilimdanganya.

DAMU HUJA NYUMA YA YAI

Hapa ndipo wengi tunapoangukia. Tunadhani damu ya mwezi ndiyo tangazo la kwanza kwamba uzazi umerudi. La hasha! Yai hutoka kwanza. Damu huja kama majuma mawili baadaye, ikiwa mimba haikutunga. Mama akishika mimba kwa yai lile la kwanza, hataona damu kabisa. Atavuka kutoka kunyonyesha hadi ujauzito bila kuiona kanga yake imelowa hata siku moja.

Ni kweli kwamba katika miezi sita ya mwanzo, akina mama wengi wanaonyonyesha kwa ukamilifu huona damu kabla ya yai la kwanza, au yai linalotoka huwa hafifu lisiloweza kushikiza mimba. Lakini kadiri miezi inavyosonga na mtoto anavyopunguza kunyonya, ndivyo inavyozidi kuwezekana yai zima kutoka kabla ya damu. Na mama asiyenyonyesha kabisa, yai lake laweza kupevuka majuma manne tu baada ya kujifungua.

Biblia yenyewe ina habari hii, imesemwa kwa maneno machache tu. Someni Hosea 1:8. Nabii anasimulia kwamba mkewe Gomeri alimwachisha ziwa binti yake, kisha akachukua mimba na kuzaa mtoto wa kiume. Waandishi wale hawakuwa na maabara, lakini walijua utaratibu: kwanza ziwa liachwe, halafu mimba.

HABARI YA KUBEMENDA

Huku kwetu Pwani, kutoka Kisarawe hadi Kibaha, hakuna neno linalomchoma mama kama hili. Mtoto akikonda, akiharisha, akichelewa kutembea, watu huuliza wazazi walifanya nini usiku. Imani hii haiko kwetu tu. Huko Dodoma, mtaalamu Mwitalia Mara Mabilia aliishi na akina mama wa Kigogo, na mwaka 2005 kikatoka kitabu chake kuhusu kunyonyesha na miiko yake. Wao pia humlaumu mama mtoto anapodhoofu.

Tusiwadharau wazee wetu. Waliona jambo la kweli: mtoto ambaye mama yake ameshika mimba mapema mara nyingi hudhoofika. Cicely Williams, daktari wa watoto aliyefanya kazi Ghana katika miaka ya 1930, aliwauliza akina mama wa Kiga ugonjwa wa watoto waliovimba miguu na kubadilika rangi ya nywele unaitwaje. Wakamwambia kwashiakoo, maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyesukumwa na mdogo wake. Ni kisa kile kile cha bibi zetu, kwa jina lingine.

Walichokosea ni sababu. Manii hayaingii katika maziwa. Tendo la ndoa haliyachafui. Mimba nayo haiyageuzi kuwa sumu. Maziwa hupungua, na ladha yake hubadilika, basi watoto wengine huacha wenyewe. Kinachomdhoofisha mtoto ni kule kunyang'anywa ziwa ghafla na kupewa badala yake uji mtupu. Na huku kwetu uji huo mara nyingi ni wa muhogo, ambao hujaza tumbo lakini hauna vya kujenga mwili. Ongeza maji yasiyochemshwa na kikombe kisichooshwa vizuri, mtoto anaanza kuharisha. Halafu tunasema amebemendwa.

Ona basi jinsi shauri la mama mkwe yule lilivyoleta lile lile alilotaka kulizuia. Alitaka kumwokoa mjukuu wake na maziwa, akamtoa kwenye chakula bora alichobakiwa nacho.

KUMWACHISHA MTOTO KWA HEKIMA

Katika Mwanzo 21 Abrahamu alifanya karamu kubwa siku Isaka alipoachishwa ziwa. Hana naye, katika 1 Samweli 1, alikataa kupanda kwenda Shilo na mumewe mpaka Samweli awe ameacha kunyonya, na mumewe Elkana akakubaliana naye. Kwao kuachisha ziwa kulikuwa jambo la heshima lililopangwa na wazazi wawili. Kwetu pia liwe hivyo.

Miezi sita ya kwanza mpe mtoto maziwa yako tu, hata maji usimpe. Taarifa ya kitaifa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa watoto 64 katika kila 100 wa umri huo hapa Tanzania walikuwa wananyonyeshwa hivyo. Tumesonga mbele, lakini bado zaidi ya theluthi moja wanapewa maji au uji mapema.

Akitimiza miezi sita, anza chakula, na endelea kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi. Uji usiwe wa muhogo peke yake. Changanya unga wa mahindi au mtama na karanga zilizosagwa. Tia dagaa waliotwangwa, yai, maharage yaliyopondwa bila maganda. Mchicha na kisamvu tunavyo. Maembe na mapapai ya Kibaha na Kisarawe hayana haja ya kusifiwa. Tia tui la nazi au kijiko cha mafuta ili chakula kidogo kiwe na nguvu nyingi.

Ukifika wakati wa kuachisha, punguza mlo mmoja wa ziwa, subiri siku kadhaa, punguza mwingine. Usimpake mtoto pilipili wala shubiri kwenye chuchu, na usimpeleke kwa bibi ghafla ili asahau. Siku ile anapopoteza ziwa asipoteze na mama yake. Zaburi ya 131 inaichora roho iliyotulia kwa mfano wa mtoto aliyeachishwa ziwa akiwa bado kifuani pa mama yake. Tuwaachishe watoto hivyo.

Na ikitokea umeshika mimba ungali unanyonyesha, usimwachishe mtoto kwa hofu. Nenda kliniki. Isipokuwa daktari amekukataza kwa sababu maalumu, kama vile mimba zako kutishia kutoka, unaweza kuendelea kumnyonyesha. Kula vizuri zaidi, kwa kuwa sasa mko watatu.

PANGENI KABLA, SI BAADA

Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliwakutanisha wataalamu, na ushauri wao ukawa kwamba mama apumzike angalau miezi 24 tangu ajifungue kabla ya kushika mimba nyingine. Hapo damu yake hurudi, mwili hujijenga, na mtoto aliyeko hushiba.

Njia zipo. Kitanzi huweza kuwekwa ndani ya siku mbili baada ya kujifungua, au baada ya majuma manne. Vijiti na vidonge vya kichocheo kimoja havizuii maziwa. Sindano hungoja majuma sita. Vile vidonge vya vichocheo viwili huweza kupunguza maziwa, hivyo mama anayenyonyesha asivianze kabla ya miezi sita. Kondomu ipo, na waliokwisha kupata watoto wa kutosha wanaweza kufunga kizazi. Wapo pia wanaofuata njia ya Billings, iliyoanzishwa Australia na daktari John Billings na mkewe Evelyn, ambayo mama huangalia ute wa ukeni. Njia hiyo yamfaa sana mama anayeachisha, kwa sababu baada ya miezi ya ukavu, ute unaovutika kama ute wa yai bichi humwambia kwamba mwili unaamka, hata kama damu haijaonekana. Lakini inataka kufundishwa vizuri, na inataka baba mwenye subira.

Makanisa yetu hayafundishi sawa juu ya njia hizi. Zungumza na mchungaji au padre wako, na zaidi zungumza na mumeo. Mzungumze mtoto akiwa na miezi mitano, si siku kipimo kinapoonyesha mimba. Mama asibebeshwe peke yake hesabu ya jambo la watu wawili.

Na ninyi mlioajiriwa, sheria ya kazi ya mwaka 2004 inawapa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 kwa aliyejifungua mapacha. Siku 84 ni majuma 12 tu, nusu ya ile miezi sita. Lakini sheria hiyo hiyo inamruhusu mama kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku wakati wa kazi. Wengi hawajui, na wengine wanaogopa kuomba. Ombeni kwa adabu, lakini ombeni.

BARUA ZENU

Mama wa watoto watatu, Kisarawe, anauliza: "Mtoto ana miezi minne, namnyonyesha tu bila kumpa kitu, lakini mwezi uliopita niliona damu siku tatu. Je, bado nimekingwa?"

Hapana, dada. Sharti la pili limevunjika. Endelea kumnyonyesha, maana maziwa yako hayana kasoro, lakini nenda kliniki wiki hii uchague njia nyingine.

Mama wa Mlandizi anaandika: "Nimemwachisha mtoto miezi mitatu sasa. Siku zangu hazijarudi na maziwa bado yanatoka."

Kwanza pima mimba. Kama huna, mwone daktari. Kuna wakati tezi ile ya ubongoni huendelea kutoa prolaktini ingawa hakuna anayenyonya, na dawa za baadhi ya magonjwa huweza kufanya hivyo pia. Mambo haya hutibika. Usikae nayo kimya.

Mama asiyetaka kutaja mahali anauliza: "Naishi na virusi vya UKIMWI. Niliambiwa zamani nimwachishe mtoto ghafla akifika miezi sita. Bado ni hivyo?"

Ushauri umebadilika, mama. Kwa mama anayemeza dawa zake bila kukosa, Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri maziwa tupu miezi sita, kisha chakula pamoja na kunyonya hadi miezi 24 au zaidi, na kuachisha kuwe taratibu, si ghafla. Hudhuria kliniki yako, mtoto apimwe kwa ratiba, nao watakuongoza.

TURUDI KWENYE BENCHI

Hospitali ya Tumbi ina historia yake. Ilitokana na mradi wa nchi za Nordic ulioanza mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Mradi ule ulijenga pale Kibaha vitu vitatu pamoja: shule, chuo cha wakulima na kituo cha afya. Leo Tumbi ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa wa Pwani. Nilipoketi na binti yule niliwaza kwamba shida yake ilihitaji yote matatu: elimu, chakula na matibabu.

Nesi aliyekuwa zamu alimwita, akampima mtoto, akaangalia kadi, akamwuliza kwa upole. Hakumgombeza. Alimweleza haya niliyowaeleza, akamfundisha kupika uji wa mchanganyiko, akampa dawa ya kuharisha na maji ya chumvi na sukari, akamwambia mtoto akitaka kunyonya asikataliwe. Juu ya mimba alimwambia: "Huyu hajakosea kitu. Naye ni wako."

Alitoka akiwa ameninyooshea mkono. "Mama, sasa nitawaambiaje nyumbani?"

Tulikwenda naye. Mama mkwe alitukaribisha kwa uso wa mbao, lakini akatupa mkeka. Hatukumbishia. Mwenzetu mmoja, mtu mzima kama yeye, alimwuliza tu: "Dada, wewe ulipokuwa ukinyonyesha, mtoto ulimwacha wapi?" Akajibu kwamba alimbeba, shambani, sokoni, kisimani, popote. "Na usiku?" "Alilala ubavuni." Tukamweleza kwamba hicho ndicho kilichomkinga yeye, na kwamba mkwewe hakukipata kwa kuwa alikuwa akitafuta fedha ya unga wa nyumba ile ile. Bibi yule alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akamnyooshea mjukuu mikono.

Baba wa mtoto alirudi nyumbani juma lililofuata. Baada ya miezi miwili nilikutana na binti yule tena kwenye kliniki, tumbo limeonekana. Hakusema mengi. Alinifungulia kadi na kunionyesha kwa kidole: mstari ulikuwa umeanza kupanda.

Akina mama, waswahili husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kabla ya kumtupia mwenzako lile neno zito, mwulize kwanza mtoto anakula nini. Na kama nyumbani kwako kuna mtoto wa miezi mitano, usiku wa leo keti na baba yake mzungumze.

Mungu awabariki, na azilinde nyumba zenu. Tukutane tena mwezi ujao.